SAFARI HUPUNGUZA SALA, HAIPUNGUZI AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba nchi kavu na maji, akaweka riziki ndani ya vyote viwili. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.



Ijumaa hii tunazungumza juu ya chakula cha msafiri. Huenda mmoja wetu akasema: hilo nalo ni jambo la kuandikiwa karatasi? Msafiri ana njaa, apewe chakula, ale, aende zake. Lakini tuangalie hali yetu. Watu wa Fizi na Baraka ni watu wa njia. Anayetoka Uvira kwa barabara hupita Makobola na Mboko kabla ya kufika Baraka. Anayekwenda kwenye dhahabu hushika njia ya Fizi, Lulimba na Misisi. Wengine hupanda boti kwenda Ubwari, Kazimia au Kalemie, na wengine huvuka ziwa mpaka Kigoma. Wapo wafanyabiashara, madereva, wachimbaji, walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa mashirika, askari na wakimbizi. Kila mmoja wao hufika mahali akiwa amechoka, ana vumbi na njaa, na mbele yake huwekwa sahani ya bugali na samaki. Anakula, analipa, ananawa mikono, anapanda gari. Kesho atakula mahali pengine.

Swali letu ni hili: msafiri anapokula katika mji usio wake, je, inatosha kwamba chakula ni halali na kwamba amekilipia? Au ipo haki nyingine ya mahali pale inayomfuata hata baada ya kuondoka?

RUKHSA YA MSAFIRI NI IPI?

Sheria yetu imemhurumia msafiri. Sala ya rakaa nne anaisali rakaa mbili. Anaweza kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Katika Ramadhani ameruhusiwa kula mchana. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humkosesha mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake.

Lakini tuangalie vizuri kilichopunguzwa. Sala ni haki ya Mwenyezi Mungu. Saumu ni haki ya Mwenyezi Mungu. Yeye ni Karimu, amesamehe katika kilicho chake. Ama haki za viumbe, hakuna hata moja iliyopunguzwa kwa sababu ya safari. Mwenye deni akisafiri, deni linasafiri naye. Mwenye kushika mali ya yatima hawezi kusema, nilikuwa njiani. Aliyempiga jirani yake hasamehewi kwa kuvuka ziwa.

Tena hata ile rukhsa ya Ramadhani, soma Sura Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185: siku alizokula msafiri zinahesabiwa, naye anatakiwa kuzifunga baadaye. Kwa hiyo msafiri hali mchana wa Ramadhani bure. Anakula kwa mkopo, na mkopo una siku ya kulipwa. Hii ndiyo tabia ya rukhsa katika dini yetu. Inampa mtu nafasi ya kupumua, haimpi ruhusa ya kusahau.

Sasa, kwa nini tunasema amana ya chakula ni nzito zaidi kwa msafiri kuliko kwa mwenyeji? Mwenyeji akimaliza samaki wa ufuo wake, atajua. Mwakani watoto wake watakula bugali kwa chumvi, na hilo litamfundisha. Mwenyeji akichafua kisima, atakunywa mwenyewe. Madhara ni mwalimu wake. Msafiri hana mwalimu huyo. Anakula leo, na madhara yakija yeye yuko Bukavu, yuko Bujumbura, yuko Lubumbashi. Hakuna kitakachomzuia isipokuwa kumcha Mwenyezi Mungu peke yake. Ndiyo maana katika Sura Al-Baqara, aya ya 197, amri ya kuchukua masurufu ya safari imefungwa pamoja na ucha Mungu katika aya moja. Mfuko wa chakula na moyo wa mtu vimetajwa pamoja, kwa sababu njiani ndipo vinapopimwa pamoja.

TUNAMJUA ANAYEKULA NA KUONDOKA

Ndugu zangu, jambo hili hatuhitaji kufundishwa na watu wa mbali. Tangu vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, wilaya yetu imepitiwa na wenye silaha wa kila jina. Mjane wa kijijini haulizi jina la kundi, anahesabu kuku waliobaki. Leo wamepita hawa wamekula mbuzi, kesho wamepita wale wamechimba mihogo ambayo haijakomaa. Ukimuuliza kila mmoja wao atakuambia: mimi nilikula siku moja tu, nilikuwa na njaa, nilikuwa napita. Na inawezekana anasema kweli. Kila mmoja alikula siku moja, lakini kijiji kililiwa kila siku.

Hatusemi kwamba mfanyabiashara anayelipa sahani yake ni sawa na mwenye bunduki anayenyang'anya. Hapana, mbele ya Mwenyezi Mungu hawako sawa. Lakini ile hoja ya "nilikuwa napita tu" ni moja, nasi tunajua uchungu wake kwa kuwa tulikuwa upande wa kuliwa. Basi tusiitumie tukiwa upande wa kula.

Na tusisahau kwamba sisi wenyewe tumekula mikononi mwa watu. Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa wakaishi kambini Kigoma miaka mingi, na tangu mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli wakashukia Baraka. Kisha zamu ikageuka: kuanzia mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walikimbilia kwetu, wakapokewa Lusenda. Leo mimi ni mwenyeji wako, kesho wewe ni mwenyeji wangu. Mahali tunapopita leo kwa haraka panaweza kuwa mahali tutakapoomba chakula kesho.

SINIA PANA LISILO NA KINA

Chakula cha njia yetu, kwa sehemu kubwa, kinatoka ziwani: ndakala na mikeke. Basi tuseme juu ya Ziwa Tanganyika.

Watu wengi husema: ziwa hili haliwezi kwisha. Ni kweli ni kubwa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Katika dunia nzima ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Karibu nusu ya maji yake iko upande wa Kongo, na sehemu iliyobaki ni ya Tanzania, Burundi na Zambia. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo, kule chini, haina hewa ya kumtosha samaki. Samaki wetu wanaishi katika tabaka la juu. Kwa hiyo ziwa letu, pamoja na kina chake chote, kwa mlaji ni kama sinia pana lisilo na kina. Ukiliona kwa juu ni kubwa mno, ukitia mkono unagusa chini mara moja.

Tena chakula cha samaki kinategemea upepo. Mbolea ya ziwa imelala chini, na upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi ndio unaoyakoroga maji na kuipandisha juu, kama mwiko unavyokoroga uji usitulie. Wataalamu waliolichunguza ziwa walitoa matokeo yao mwaka 2003, na wengine tena mwaka 2016. Walieleza kwamba maji ya juu yamezidi kuwa na joto, na maji ya joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika vizuri. Uji haukorogwi kama zamani. Maana yake ni kwamba hata kama wavuvi wote wangekuwa waadilifu, ziwa lingetoa kidogo kuliko alivyolijua babu. Na sahani ikipungua, adabu ya kula lazima iongezeke.

Juu ya hayo yapo ya mikono yetu, yale ambayo Sura Ar-Rum, aya ya 41, inayataja kuwa sababu ya uharibifu wa nchi kavu na wa baharini. Nyavu za kukokota ufuoni huzoa hata wachanga. Vyandarua vilivyotolewa kumkinga mtoto na mbu vinashonwa kuwa nyavu. Hapo kuna madhara mara mbili: mtoto wa mtu anaumwa na mbu nyumbani, na mtoto wa samaki anakamatwa ziwani. Na mikeke hula ndakala. Ukimaliza ndakala, umemnyima mkeke chakula, na wewe mwenyewe utamkosa mkeke.

Kwa sababu hiyo nchi nne za ziwa, ambazo zilitia saini mkataba wa kulitunza kwa pamoja mwaka 2003, zilipatana kulipumzisha. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Ndakala huishi muda kama wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini huzaa mapema na kwa wingi, na miezi michache ya kuachwa ni mingi kwake. Wazee wetu nao walikuwa na pumziko lao. Uvuvi wa taa haufai mwezi ukiwa mpevu, hivyo kila mwezi zilipatikana siku ambazo mitumbwi ilikaa ufuoni na nyavu zikashonwa. Kwa hiyo kulipumzisha ziwa si jambo geni lililotoka maofisini.

AYA INAYOMTAJA MSAFIRI

Sasa tusome Sura Al-Maida, aya ya 96. Katika aya hiyo Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo ya majini na chakula chake, akaeleza kwamba ni manufaa yetu na ya wasafiri. Wasafiri wametajwa waziwazi. Hakuna mtu anayeweza kumharamishia msafiri samaki, na karatasi hii haifanyi hivyo.

Lakini aya haikuishia hapo. Papo hapo, katika aya ile ile, Mwenyezi Mungu anataja mawindo ya nchi kavu kwamba yameharamishwa kwa muda ambao mtu yumo katika ihramu. Swala ni yule yule, mshale ni ule ule, mtu ni yule yule, na jana alikuwa halali. Leo ni haramu, na ihramu ikivuliwa atakuwa halali tena. Aya mbili kabla yake, aya ya 94, imeeleza kwamba waumini watajaribiwa kwa mawindo yaliyo karibu kabisa, yanayofikiwa na mikono na mikuki yao, ili ajulikane anayemcha Mola wake kwa ghaibu. Mtihani hauko katika mnyama aliye mbali. Mtihani ni yule unayeweza kumshika ukiwa umekaa.

Hatulinganishi tangazo la serikali na ihramu ya Hija. Tunachojifunza ni kwamba kitu halali kuwa na wakati wa kuachwa si jambo geni katika dini yetu. Muislamu anayesema "samaki ni halali, basi nitamla wakati wowote na kwa ukubwa wowote" ameshika nusu ya aya.

Na kisa cha watu wa Sabato kimo katika Sura Al-A'raf, kuanzia aya ya 163. Ulikuwa mji kando ya bahari. Siku waliyokatazwa kuvua ndiyo siku samaki walijitokeza wazi juu ya maji, na siku nyingine hawakuonekana. Wafasiri wameeleza kwamba baadhi yao walitega kabla ya siku ile na kuwatoa samaki baada yake, wapate kusema hawakuvua. Mwenyezi Mungu hakudanganyika kwa hila hiyo. Watu wa ziwa wanakielewa kisa hiki kuliko watu wa mjini, kwa kuwa wanajua moyo wa mtu unavyokuwa samaki wakijaa mbele yake naye ameambiwa asubiri.

Katika mji ule yalikuwapo makundi matatu: waliovunja, waliokataza, na waliosema kuna faida gani kuwakataza. Sisi tuongeze swali: waliowanunua wale samaki walikuwa kundi gani? Hakuna anayetega usiku kama hakuna atakayenunua asubuhi. Mtumbwi unaotoka kwa siri tarehe 20 Juni unatoka kwa sababu njiani kuna mtu mwenye njaa na pesa ambaye hataki kuuliza.

MASWALI YA WENYE HOJA

Wa kwanza atasema: sahani yangu moja itadhuru nini? Mtume (s.a.w.) alitoa mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao, wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Hawakukusudia ubaya. Wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Hadithi hii imo katika Bukhari, na sisi wapanda boti hatuhitaji kuelezwa ukubwa wa tundu linalotosha kuzamisha.

Wa pili atasema: riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, atakayeumba samaki ni Yeye. Kweli. Lakini ndiye aliyewaamuru watu kuchukua masurufu. Ibn Abbas ameeleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila chakula, wakisema wao wanamtegemea Mungu, kisha wakifika wanaomba watu. Ndipo ikashuka ile aya ya masurufu. Kumtegemea Mungu si kuwaachia wengine gharama ya uzembe wetu.

Wa tatu atasema: wenye silaha wanavua, matajiri wanavua, upande wa pili wanavua, kwa nini mimi nijizuie? Sura Al-An'am, aya ya 164, imekwisha tufundisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Siku ya Kiyama hutaulizwa juu ya nyavu za Kigoma wala za Bujumbura.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito, na ni lazima asikilizwe. Atasema: mvuvi wa Ubwari hana shamba, hana akiba, watoto wanalia. Ukimfungia ziwa miezi mitatu atakula nini? Hapa tuseme haki. Mwenye kufunga ziwa bila kumfikiria mvuvi ameacha nusu ya wajibu wake. Na mwenye dharura ya kweli ana hukumu ya mwenye dharura, kama ilivyo katika Sura Al-Baqara, aya ya 173: asitamani wala asipite mpaka. Wanavyuoni wakasema dharura hupimwa kwa kiasi chake.

Lakini tazameni, ndugu zangu, hoja hiyo inampeleka wapi msafiri. Ikiwa mvuvi maskini hana la kuchagua, nani analo? Ni yule mwenye nauli mfukoni, anayeweza kuagiza maharage badala ya mikeke wachanga, naye asipungukiwe na kitu. Mzigo wa kuacha humwangukia kwanza yule anayeweza kuacha. Tukimngoja mwenye njaa awe wa kwanza kujizuia, na mwenye kushiba awe wa mwisho, tumeipindua haki. Basi dharura ya mvuvi haiwezi kuwa udhuru wa mlaji.

ABU UBAIDA NA WATU 300

Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya maswahaba 300 waliotumwa kuelekea ufuo wa bahari, amiri wao akiwa Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.). Chakula kilikwisha njiani. Abu Ubaida alifanya mambo mawili. Kwanza, alikusanya chakula kilichobaki kwa kila mtu, akakigawa kidogo kidogo, mpaka ikafika tende moja kwa mtu mmoja kwa siku. Pili, mtu mmoja alichinja ngamia watatu kuwalisha wenzake, kisha watatu wengine, kisha watatu wengine. Ngamia ni halali, watu wana njaa, na mchinjaji ni mkarimu. Pamoja na hayo yote, Abu Ubaida akamkataza kuendelea.

Ngamia wale walikuwa chakula, lakini walikuwa pia safari yenyewe. Amiri wa wasafiri hutazama kesho ya wasafiri. Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno, wakamla muda wa nusu mwezi hivi, na waliporudi Madina Mtume (s.a.w.) naye alikula sehemu ya nyama yake. Tunaona hapo kwamba waliosubiri na kugawana hawakufa njaa, na riziki ya baharini ilikuja baada ya adabu ya nchi kavu.

Iko pia hadithi katika Tirmidhi juu ya anayeingia katika shamba la matunda la mtu: ale, wala asibebe katika nguo yake. Wanavyuoni wamejadili masharti yake, lakini maana yake inamhusu kila mpita njia. Tumbo lako lina haki mahali unapopita. Begi lako si tumbo.

TUFANYE NINI?

1. Chukua masurufu. Mihogo iliyopikwa, karanga, mahindi ya kuchoma, ndizi, maji ya kunywa kutoka nyumbani. Mwenye chakula chake anaweza kusema hapana. Mwenye njaa kali hawezi kuchagua.

2. Kula kilicho kingi mahali ulipo. Fizi ni nchi ya mihogo, sombe, maharage, ndizi na mawese. Samaki si lazima awepo kila unaposimama.

3. Uliza. Muulize mama anayepika: samaki huyu ni wa lini? Katika miezi ya kufungwa, samaki waliokaushwa kabla ya ziwa kufungwa hawana neno. Wa jana usiku wana neno. Na samaki mchanga umwache hata kama ni rahisi, kwa sababu urahisi wake umelipwa na mwingine. Ukiacha samaki, usiache kununua: agiza maharage kwa mama yule yule, asipoteze siku yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aishiwe.

4. Zawadi iwe na kiasi. Wengi wakitoka Baraka hujaza viloba vya ndakala kwa ndugu na marafiki. Kama ni wakubwa na ni wakati wake, peleka kwa kiasi. Usifanye sifa ya nyumbani kwako kuwa hasara ya ufuo wa watu. Biashara ni halali, na mfanyabiashara anayekataa mzigo wa wachanga ana ujira kwa Mola wake.

5. Nyama ya porini. Katika njia za milimani na za machimbo, msafiri huletewa nyama asiyoijua. Muislamu ana sababu tatu za kuiacha: hajui ilichinjwaje, Mtume (s.a.w.) amekataza kila mnyama wa kuwinda mwenye meno ya kuraruwa, na misitu yetu ya Itombwe na Ngandja ina sokwe na wanyama wengine ambao wakiisha hawarudi.

6. Usimmalize mwenyeji wako. Mtume (s.a.w.) ameweka ugeni kuwa siku tatu, na akamkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhambi. Ukiona anamkimbiza kuku wake wa mwisho, mwambie: ndugu yangu, sombe inatosha. Na usiache taka zako wala choo chako karibu na maji. Wilaya hii imezika watu wengi kwa kipindupindu.

Ndugu Waislamu, jibu la swali letu ni ndiyo. Halali ni mlango wa kuingilia, na malipo ya sahani ni haki ya mpishi. Bado iko haki ya mahali penyewe: ya ziwa lililokulisha, ya mtoto wa mvuvi atakayekula baada yako, na ya msafiri mwingine atakayefika mwakani naye akiwa na njaa kama yako. Haki hiyo hailipwi kwa franka. Inalipwa kwa kuacha unapoweza kuacha, kama siku za Ramadhani zinavyolipwa kwa kufunga.

Ewe Mola wetu, tupe riziki iliyo halali na iliyo njema, wala usiifanye riziki yetu kuwa dhiki ya wengine. Wahifadhi wasafiri wetu wa barabarani na wa ziwani, na uwarudishe makwao salama. Libariki ziwa letu, mashamba yetu na misitu yetu. Walishe wavuvi wetu na wajane wetu, na uiletee wilaya yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Ukimaliza kuisoma mpe mwenzako, usiitupe wala usifungie bidhaa.)